Kibofu Kisichopona na Majibu Yasiyoonyesha Kitu

"Vipimo havikuonyesha kitu, kwa hiyo huumwi." Maneno haya husemwa Arua, Bombo na Busia, hapa Uganda, kana kwamba ni hukumu, na mke aliyekesha akienda msalani hurudi nyumbani na maumivu yale yale, safari hii yakiwa yameongezwa aibu. Ukweli ni kwamba kipimo cha kawaida cha mkojo hutafuta mambo machache tu, kama vile chembe nyeupe, damu, sukari na dalili za bakteria. Upo ugonjwa wa maumivu ya kibofu usiohusu bakteria wowote: kibofu huuma kadiri kinavyojaa, hutulia kidogo baada ya kukojoa, na hali hiyo ikizidi wiki sita bila maambukizi kuonekana, daktari ana sababu ya kuufikiria. Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Hutambuliwa kwa kuondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine, ikiwemo kifua kikuu cha njia ya mkojo, ambacho vijidudu vyake havioti katika kipimo cha kawaida cha kuotesha mkojo.

Wengine husema haya ni mambo ya wanawake na mume akae nje. Mimi naona kinyume chake, kwa kuwa anayelala naye kitanda kimoja ndiye shahidi. Chukueni daftari la shule na jagi la plastiki lenye alama za mililita, mwandike kwa siku tatu: saa, kiasi cha mkojo, maumivu, na alichokunywa. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hushika mililita 300 hadi 500. Daftari likisomeka "saa saba usiku, 80, inauma, saa nane na nusu, 70, inauma", habari hiyo ni tofauti kabisa na ya mtu anayekojoa kingi kila mara huku ana kiu isiyokatika, ambaye anapaswa kupimwa kisukari kwanza. Naye anayevuja mchana na usiku, hasa baada ya uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu, huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hakurogwa; tundu hilo hushonwa kwa upasuaji.

Ushauri wa duka la dawa ni mfupi: ongeza sipro. Dawa hiyo huua bakteria, na pasipo bakteria haina cha kutibu. Ubaya mwingine ni kwamba ikimezwa kabla ya mkojo kuchukuliwa, inaweza kuzuia bakteria waliokuwepo wasiote maabara, na jibu likaja safi kwa uongo.

Lipo pia neno linalovunja nyumba, kwamba amepata gono nje. Kisonono huweza kuunguza mkojo, nacho hupimwa, tena inafaa wapimwe wote wawili; lakini bakteria wa kawaida wa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, hutoka katika utumbo wa mgonjwa mwenyewe, na maumivu ya miezi mingi si ushahidi wa uzinzi.

Kuhusu kichocho, wengi wetu tunakijua kile cha matumbo, kinachowasumbua watu wa Ziwa Albert na Ziwa Victoria. Kile cha kibofu nacho kimo nchini, hasa huko Lango, kaskazini, na minyoo yake huishi mwilini miaka mingi. Kwa hiyo mwelezeni daktari alikooga au kuchota maji zamani. Mayai yake huonekana vyema katika mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.

Anzeni kituo cha afya cha daraja la tatu au la nne, kisha ombeni barua ya kwenda hospitali ya rufaa, na daftari liwe mkononi. Lakini akiona damu katika mkojo, akipata homa pamoja na maumivu ya ubavuni, au akishindwa kabisa kukojoa, msingoje hizo siku tatu za kuandika. Nendeni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.