Oktani si nguvu

Pale Nyawera, hapa Bukavu, kuna neno moja linaharibiwa kila siku: oktani. Juzi tena muuza vichupa, aliyesimama kando ya meza ya kadhafi (muuza esanse wa kando ya barabara), anamwambia dereva wa teksi: "Mukubwa, tia hii ndani ya esanse, oktani itapanda, gari itapata nguvu, utafika Kadutu kule juu bila kushusha vitesi (gia)." Dereva akalipa, akaondoka amefurahi.

Kilicho ndani ya kichupa hicho kinaitwa aditifu: ni dawa inayotiwa kidogo ndani ya esanse (wenzetu wa Tanzania wanaiita petroli) ili kuirekebisha tabia. Ziko za kusafisha, za kuzuia kutu, za kuifanya esanse ikae muda mrefu bila kuharibika, na za kupandisha oktani. Maana ni hiyo tu, na haina ugomvi. Ugomvi uko kwenye hiyo ya mwisho.

Oktani haipimi nguvu. Inapima uvumilivu: esanse inaweza kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla haijajiwasha yenyewe. Ndani ya silinda, kazi ya kuwasha ni ya cheche ya buji (plagi), kisha moto usambae kutoka hapo hadi pembeni. Esanse isiyovumilia haingoji. Ile sehemu ambayo moto haujaifikia inalipuka kwa joto na mgandamizo, na wewe unasikia ka-ka-ka kwenye mpando, hasa ukikanyaga sana huku uko kwenye vitesi ya juu. Fundi atakwambia injini inagonga. Ukiacha iendelee kugonga kwa nguvu, pistoni inaweza kutoboka.

Kipimo chenyewe kilitokana na kazi ya mkemia Mmarekani Graham Edgar, mwaka 1926. Alilinganisha vimiminika viwili. Isooktani, isiyogonga kirahisi, ilipewa 100. Heptani, inayogonga upesi, ikapewa 0. Esanse ya 95 ni ile inayogonga sawa na mchanganyiko wa isooktani 95 kwa heptani 5. Hakuna mahali kipimo hicho kinapouliza gari litakimbiaje. Anayebisha aitazame ethanoli, yaani alkoholi: oktani yake inapita 100, na bado lita yake moja ina nishati pungufu kwa karibu theluthi kuliko lita ya esanse.

Najua mkanganyiko ulikotoka. Desemba 1921, Thomas Midgley na wenzake wa kampuni ya magari ya General Motors waligundua kwamba risasi ya tetraetili (dawa yenye madini ya risasi, plombi) inazuia kugonga. Kwa kuwa esanse ilivumilia zaidi, watengenezaji wakaweza kuunda injini zinazobana zaidi, na injini hizo ndizo zilizotoa nguvu. Nguvu ilitoka kwenye chuma kilichoundwa upya, sifa ikaenda kwenye dawa. (Sumu ya risasi hiyo ikabaki kwenye damu za watoto. Algeria, nchi ya mwisho kuiuza kwa magari, iliacha mwaka 2021.)

Ndiyo maana gari lisilogonga halipati kitu kwa kuongezewa oktani. Tofauti ipo kwa injini zilizoundwa kwa oktani kubwa, hasa za turbo (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) zenye kifaa cha kusikiliza kugonga: zikipewa esanse dhaifu zinachelewesha cheche ili kujilinda, na zikipewa nzuri zinarudisha nguvu yao. Teksi nyingi za hapa si za aina hiyo.

Tena sisi wa Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ule wa Muanda, kule pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, inapoteza nguvu, na kwa sababu hiyohiyo inagonga kidogo. Kule Marekani, majimbo ya milimani yanauza hata esanse ya oktani ndogo kuliko ya pwani. Gari linalochoka kwenye mpando wa Kadutu linakosa hewa, na hewa haiuzwi kwenye kichupa.

Halafu soma lebo. "Huongeza pointi 3" mara nyingi maana yake ni kutoka 92 kwenda 92.3, kwa sababu wauzaji wengi wanahesabu pointi kumi kwa oktani moja. Baadhi ya vichupa hivyo vina chuma au manganizi: fungua buji baada ya muda utaona ncha yake imevaa ukoko mwekundu wa rangi ya tofali. Ukoko ukizidi, cheche inapotea njia.

Dawa za kusafisha ni habari nyingine. Zile nzuri, zenye polietaamini, zinaondoa uchafu kwenye injekta, vile vidude vinavyonyunyiza esanse ndani ya injini. Esanse inanyunyizwa vizuri tena, inaungua vizuri, moshi mweusi unaweza kupungua. Zinarudisha kilichopotea, haziongezi kisichokuwepo. Na moshi wa bluu ni oili inayoungua. Hapo hakuna kichupa, kuna fundi.

Kwa hiyo uliza kwanza: ni ya kusafisha ao ya oktani? Kama gari lilikuwa kimya na likaanza kugonga baada ya kujaza, badilisha unaponunua esanse, maana mafuta ya taa yakichanganywa humo yanashusha oktani. Kama haligongi na limechoka tu, hela hiyo inatosha kuanzia filtre ya hewa.