Chakula dawa: ni chakula au ni dawa?

Pakiti yake ni ndogo, inajaa kiganja tu. Gramu 92. Ukiikata pembe na kuiminya, hutoka kitu kizito cha rangi ya njugu, kitamu, chenye mafuta, kinachonata kwenye kaakaa. Mtoto mzima akionja mara moja huomba tena. Tabu inaanzia hapo, maana mtoto mzima hakuandikiwa.

Katika vituo vya afya kitu hiki huitwa chakula dawa. Jina zuri, fupi, mtu analishika mara moja. Ila lina vichwa viwili, na kila kichwa kinavuta upande wake. Aliyesikia "chakula" atagawa, kwa sababu kwetu mtoto mmoja halishwi wenzake wakitazama. Aliyesikia "dawa" atatoa kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, kama maji ya kikohozi, na pakiti za siku moja zitakaa wiki. Wote wawili wamefuata jina kama walivyolisikia, na mtoto anabaki pale pale.

Ndani ya pakiti hamna siri. Ni njugu zilizosagwa (wenzetu wa Bara wanaziita karanga), maziwa ya unga, sukari, mafuta ya mimea, na vitamini na madini yaliyopimwa kwa makini. Pakiti moja ina nishati ya kama kilokalori 500. Kilicho muhimu kuliko vyote ni kile kisichokuwamo, nacho ni maji. Kabla ya pakiti hii kubuniwa, watoto waliodhoofu sana walitibiwa kwa maziwa maalumu ya unga, ambayo lazima yakorogwe kwa maji safi, na yakishakorogwa hayakai, vijidudu huingia upesi. Kwa hiyo mtoto alilazwa hospitali wiki kadhaa, na mama yake amekaa chini ya kitanda, huku nyumbani kuna wengine wanne wanaomsubiri. Mwaka 1996 daktari wa Kifaransa André Briend, pamoja na kampuni ya Nutriset, walichukua maziwa yale yale na kuyageuza kuwa uji mzito wa njugu na mafuta. Bila maji, vijidudu havina pa kuzalia. Haupikwi, hauhitaji friji, mtoto anaweza kula kwao. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo Shirika la Afya Duniani, yalitoa tamko la pamoja kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali asiye na maradhi mengine makubwa atibiwe nyumbani.

Utapiamlo mkali. Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu neno utapiamlo limebeba "mlo" ndani yake, na mzazi akilisikia anaona ameambiwa hana cha kumlisha mwanawe. Ndiyo maana wengine hununa, wengine hawarudi. Kitaalamu lakini neno hilo ni paa la nyumba yenye vyumba vingi. Kuna udumavu, mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, jambo linalojengeka polepole kwa miezi na miaka. Kuna ukondefu, mtoto kuwa mwembamba kuliko urefu wake, ambao unaweza kuja kwa wiki chache tu, baada ya kuharisha, surua, au homa iliyomkatia hamu. Tafiti za kitaifa zimeonyesha kitu cha kufikirisha: Zanzibar ina udumavu mdogo kuliko Bara, lakini ukondefu wetu ni mkubwa kuliko wao. Chakula dawa hakitibu udumavu. Ni cha ukondefu uliofikia ukali, na cha mtoto aliyevimba. Mtu anayekwenda kituoni kuomba pakiti kwa sababu mwanawe ni mfupi kuliko wenziwe skuli atarudi mikono mitupu, na si roho mbaya ya nesi.

Kipimo chenyewe ni utepe mwembamba unaozungushwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Kijani huanzia sentimita 12.5 kwenda juu. Njano ni 11.5 hadi chini kidogo ya 12.5, maana yake mtoto ameanza kuteleza. Nyekundu ni chini ya 11.5. Sentimita moja tu inatenga kijani na nyekundu, upana wa ukucha wa kidole, ndiyo maana macho ya jirani hayafai kuwa mizani. Kisha nesi humbonyeza mtoto upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa vidole gumba, kama sekunde tatu, halafu anaachia. Likibaki shimo miguu yote miwili, huo ni uvimbe wa utapiamlo, hata kama utepe umesema kijani. Kipimo hiki ndicho kigumu kumweleza mtu. Mtoto wa namna hii anaonekana kanenepa, mashavu yamejaa, watu wanamwambia mama mashaallah, halafu leo anaambiwa huyu ndiye mgonjwa kuliko yule mwembamba wa pembeni.

Kwenye kadi, badala ya maneno haya, mara nyingi huandikwa herufi tatu: SAM, kifupi cha Kiingereza cha utapiamlo mkali. Ukizisoma kwa Kiswahili unapata jina la mtu. Kumweleza mama kwa sentensi mbili kunachukua muda mdogo kuliko kutafuta kalamu, lakini ndiyo kazi inayorukwa kwanza foleni ikiwa ndefu.

Uvimbe huo Waswahili wengi wanauita kwashakoo. Neno lilitoka mbali, Ghana, katika lugha ya Kiga, na liliingizwa katika vitabu vya tiba na daktari Cicely Williams miaka ya 1930. Kwa wenyewe lilikuwa na maana ya ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amezaliwa, yaani aliyeachishwa ziwa kabla ya wakati. Nalitaja kwa sababu sisi tuna neno letu linalogusa pale pale: kubemendwa. Mtoto akikonda akalegea, watu husema wazazi wake wamekutana kabla ya siku kutimia, au mama ameshika mimba akiwa ananyonyesha, na mtoto kabemendwa. Wengine watasema ni zongo, kaliwa jicho, na atapelekwa kwanza kunyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani.

Msimamo wangu hapa ni huu. Mhudumu anayekejeli maneno haya mbele ya mama amejifungia mlango mwenyewe. Mama aliyefika na mtoto wa utepe mwekundu tayari anabeba tuhuma ya chumbani kwake. Ukimwambia kwa sauti, mbele ya foleni, "mtoto wako ana utapiamlo," yeye anasikia mambo mawili ya aibu kwa pamoja, la kitanda na la chungu. Muulize faragha anadhani mtoto kapatwa na nini, msikilize mpaka mwisho, kisha mwonyeshe utepe wenyewe, rangi aione kwa macho yake. Kombe alinywe akitaka. Pakiti ale pia. Kombe na pakiti havigombani, kinachogombana na mtoto ni siku zinazopita. Na ndani ya imani ya kubemendwa kuna punje ya kweli ambayo mkunga yeyote angeisaini: mimba zikikaribiana, mtoto aliyetangulia anapokonywa ziwa mapema, naye huumia.

Turudi kwenye pakiti. Kabla ya kukabidhiwa, mtoto hujaribiwa hamu. Mama ananawa mikono, anamnawisha mtoto, anampa pale pale kituoni bila kumlazimisha, na maji ya kunywa pembeni. Akila vizuri na hana homa kali wala dalili nyingine za hatari, huenda kwao na pakiti za wiki. Akikataa kabisa, hiyo si jeuri. Mwili uliodhoofu mno hupoteza hata njaa, na mtoto huyo hulazwa hospitali, akaanzishwa maziwa dawa kidogo kidogo hadi tumbo liweze. Wapo wanaoondoka hapo wakisema wamenyimwa pakiti. Hawakunyimwa. Kumshindilia mtoto wa hali hiyo chakula kizito kunaweza kumdhuru, na hili linapaswa kusemwa wazi, maana kwa akili ya kawaida aliyekonda sana ndiye anayestahili kulishwa sana.

Idadi ya pakiti hufuata uzito. Mtoto wa kilo 7 hupata kama 2 hadi 3 kwa siku, kutegemea mwongozo unaotumika. Anayenyonya hupewa ziwa kwanza, kisha pakiti. Zile za siku zikiisha, ndipo ale chakula cha nyumbani. Hupewa kidogo kidogo kutwa nzima, mara nyingi, na maji yaliyochemshwa, kwa sababu kitu chenyewe kinakausha koo. Kisichanganywe na uji. Uji utamjaza tumbo na dawa itabaki bakulini. Pakiti iliyokatwa hukunjwa mdomo na kuwekwa mbali na chungu na panya. Wengi hupona kwa wiki kama 6 hadi 8.

Sasa, nani anayeyasikia maelezo haya, na nani anayelisha? Pemba, ambako hutoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar, si lazima wawe mtu mmoja. Maji ya bamvua yakipwa, mama yuko shambani pwani na magunia na kamba, maji ya magoti, na mtoto yuko kwa bibi. Bibi ndiye mwenye pakiti mkononi na wajukuu watano mbele yake. Yeye hakwenda kituoni, hakuona utepe, na amelea watoto wengi kabla ya kitu hiki kubuniwa. Atagawa, na atagawa kwa huruma. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba akimwamkia bibi, akakaa naye jamvini na kumweleza yeye, amefanya kazi kuliko aliyemhutubia mama mara tatu. Na tarehe ya kurudi ipangwe kwa kuuliza mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapotimia, kila mtu pwani anajua. Ukimwandikia mama mkulima wa mwani kurudi siku ya bamvua, umemwambia achague kati ya kliniki na mavuno, halafu unamwandika "mtoro" kwenye daftari.

Ipo njia rahisi ya kujua kama maelezo yamefika, nayo ni kumrudishia msikilizaji mwenyewe swali. Siyo "umefahamu, mama?", kwa sababu hilo lina jibu moja tu, "nimefahamu," hata kama hakuna alichoshika. Ni "Hebu, mama Khamis, nieleze mimi. Bibi yake akikuuliza hizi za nini, utamwambiaje?" Akijibu "ntamwambia ni za Khamis peke yake, tatu kutwa, akimaliza ndo ale wali," kazi imekwisha. Akisema "ntamwambia ni biskuti za hospitali," basi turudi mwanzo bila kumcheka.

Kuna mkanganyo mwingine, wa sheha (kiongozi wa mtaa) na orodha yake ya kaya masikini. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, wa kuzipa kaya hizo ruzuku ya fedha, ulifika Unguja na Pemba, na miongoni mwa masharti yake ilikuwa kaya kuwapeleka kliniki watoto wadogo. Basi fedha na kliniki vimefungana katika vichwa vya watu: wapo wanaodhani chakula dawa nacho ni cha walengwa, kwamba asiyeandikwa kwa sheha hapati, na wapo wasiotaka kukichukua wasije wakaonekana masikini. Havihusiani. Ruzuku huangalia hali ya kaya. Chakula dawa huangalia mkono wa mtoto na nyayo zake. Mtoto wa mwenye duka akiugua surua akakonda hadi nyekundu, atapewa, na mtoto wa mlengwa mwenye utepe wa kijani hatapewa hata pakiti moja.

Kuhusu swali la kichwa cha habari, wakubwa nao wamebishana. Mwaka 2022 kilipata mwongozo wake katika Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula. Mwaka uliofuata, 2023, Shirika la Afya Duniani likakiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo kwa karatasi ni vyote viwili. Waliotaka kiingie katika dawa walisema serikali zitakiweka katika bajeti ya dawa badala ya kungoja wafadhili. Waliosita waliogopa masharti ya dawa yatakifanya kizito kununuliwa na kusambazwa. Kwa mama wa Micheweni, kule Pemba, mimi ningeegemea upande wa dawa, kwa sababu neno hilo ndilo linalomlinda mtoto na wenziwe. Dawa ya mtu haigawiwi, hilo halihitaji semina. Kilichobaki ni kumwambia kwamba dawa hii hailiwi kwa kijiko.

Neno "chakula" linapata zamu yake siku ya kutoka. Mkono ukifika 12.5 mara mbili mfululizo, na uvimbe haupo, pakiti husimama. Mtoto aliyekuwa akila njugu, maziwa na mafuta kila siku sasa anarudi kwenye boflo na chai ya rangi asubuhi, na kama ni Ramadhani, kwenye kiporo cha daku mchana kwa sababu jiko halikuwashwa. Hapo maneno ya mhudumu yanahamia chunguni: njugu za kusaga ndani ya uji, tui, dagaa waliotwangwa, kunde, kisamvu, yai likipatikana. Dagaa wetu wanaanikwa kwa magunia na kusafirishwa hadi Kongo, na ngumi moja ya hao ikibaki jikoni inatosha mboga ya mtoto kwa siku kadhaa.