Kilo mbili za upepo si kilopaskali mbili

Pale Majengo, hapa Goma, motari (dereva wa pikipiki ya abiria) husema "weka kilo mbili," na fundi wa tairi anajua la kufanya. Sina ugomvi nao. Nagombana na wanaosoma "300 kPa" (kilopaskali 300, kipimo cha presha) ubavuni mwa tairi, kisha wakatangaza kwamba tairi linabeba kilo 300. Uzito linaoweza kubeba umeandikwa papo hapo, kwa kg.

Presha, au kanieneo, ni kani (nguvu ya kusukuma) iliyogawanywa kwa eneo. Nyutoni moja, kipimo cha kani, juu ya mita moja ya mraba ni paskali moja, kiasi kidogo mno, ndiyo maana tunahesabu kwa maelfu. Baa moja (hii haiuzi bia) ni paskali 100,000: kilopaskali 100, au megapaskali 0.1. Basi.

Sasa hiyo "kilo". Ya kilopaskali maana yake ni elfu tu, haina uzito ndani yake. Ya fundi ni mkato wa kilogramu kwa sentimita ya mraba: uzito wa kilo moja ukikandamiza eneo dogo kama ukucha. Eneo limedondoka njiani, ikabaki kilo peke yake, watu wakadhani upepo umepimwa kwenye mizani. Kilo ya fundi ni kilopaskali 98.07, karibu sana na baa moja, kwa hiyo hata manometa (kipima presha) ikiwa ya baa yeye hapigi hesabu yoyote. Anayechanganya kilo hiyo na kilopaskali, huyo amekosea karibu mara 98.

Kosa jirani ni kudhani hewa tunayovuta ina baa moja. Usawa wa bahari ni baa 1.013, Goma, mita zipatazo 1,500 juu, ni kama 0.85. Manometa ya fundi husoma sifuri hewani kwa sababu hupima kinachozidi hewa ya nje tu, hivyo tairi la kilo mbili lina karibu baa 2.8 ndani. Ziwani Kivu, kila mita kumi za kushuka huongeza karibu baa moja. Presha hiyo ndiyo inayozuia gesi iliyoyeyuka kule chini isitoke majini.

Fundi mwacheni aseme kilo zake. Ila "300 kPa" ni kilo tatu na ushee, tena ni kikomo cha tairi, si kiasi cha kutia.