Kufanya kazi Wizara ya Ulinzi si kuwa mwanajeshi

Juzi nimepigiwa simu tena. Kijana ana shahada ya ununuzi na ugavi, amekaa nyumbani mwaka mzima akisubiri "nafasi za jeshi zitoke" ili aingie Wizara ya Ulinzi. Katika mwaka huohuo tangazo la Maafisa Ugavi Daraja la II lilitoka Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, likafungwa, naye hakulisoma kwa sababu halikutaja jeshi. Huyu ni wa tatu tangu Januari na nimechoka kulieleza kwa simu, kwa hiyo naliandika.

Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) si JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Wizara inaongozwa na Waziri, na mtendaji wake mkuu ni Katibu Mkuu. Jeshi lina Mkuu wa Majeshi. Mwanajeshi anaandikishwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, anapita depo, kwenye mafunzo ya askari wapya, au anapelekwa chuo cha maafisa Monduli na kutoka na nyota ya Luteni Usu. Mimi, raia ninayefanya kazi ya ugavi Wizarani, niliajiriwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002, ileile iliyomwajiri afisa kilimo wa halmashauri yenu. Sijavaa kombati hata siku moja. Cheti cha JKT kinadaiwa kwenye matangazo ya kuandikishwa jeshini. Ukikichukulia kuwa ndicho ufunguo wa kila mlango wenye neno "ulinzi", utabaki nje ya milango iliyokuwa wazi.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Unafungua akaunti Ajira Portal, unapakia vyeti vilivyothibitishwa (testimonial na matokeo ya muda hayapokelewi), barua ya maombi uliyoisaini, na unataja wadhamini watatu. Ukiitwa unafanya mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Ukipangiwa unaripoti na vyeti halisi, unakaa miezi 12 ya majaribio, ndipo unathibitishwa. Anayekudai pesa ili "akuweke Wizarani" ni tapeli, hata kama amevaa gwanda.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mara nyingi huombi Ulinzi. Unaomba kada, yaani fani yako ya kazi. Tangazo linatoka kwa jina la jumla la wizara, taasisi na halmashauri, na kituo unapangiwa. Mwenzangu tuliyefanya naye usaili chumba kimoja yuko halmashauri huko Katavi. Mimi nikaja huku. Kwa hiyo anayesema "nasubiri za Ulinzi tu" anasubiri kitu ambacho huenda kisitangazwe kwa jina hilo kabisa.

Ukishaingia, ugumu hautakuwa kwata. Utakuwa kujifunza kuwa raia katikati ya wanajeshi. Hupigi saluti, lakini wakubwa unawaita afande, na unasimama wanapoingia. Wao wamelelewa kutekeleza amri kwanza. Wewe umesomeshwa kwamba hakuna ununuzi bila mpango, bila fedha iliyotengwa, bila idhini inayotakiwa. Sasa Kanali anakuja mezani, ana haraka ya kweli, anataka mzigo wiki hii. Mwaka wangu wa kwanza niliogopa nikasema "ndiyo afande", na nililipia woga huo kwa maswali ya wakaguzi yaliyonikosesha usingizi. Siku hizi nasema: "Afande, nimekuelewa. Naomba barua ya mahitaji, mengine niachie." Sijawahi kugombezwa kwa jibu hilo. Mwanajeshi anauheshimu utaratibu ukimweleza wazi na mapema. Anachokichukia ni kuzungushwa. Laiti ningeambiwa hivyo siku ya kwanza.

Halafu kuna siri. Unachokiona kwenye faili hakitoki nje, hata kwa mkeo, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haina mzaha na hilo. Hapa nina shaka ambayo sijaimaliza. Miaka inapita, umefanya kazi kubwa, lakini kwenye wasifu wako unaweza kuandika mistari miwili tu. Mhandisi kijana anayetaka jina lake lijulikane, sijui kama nimshauri aje. Najiuliza pia juu ya kupanda: muundo wa utumishi unakuonyesha ngazi, lakini katika nyumba yenye wanajeshi wengi, raia hujiuliza kama atasikilizwa hata akiwa mkuu. Nimeona wanaosikilizwa. Nimeona pia walionyamaza hadi wakastaafu.

Yule kijana nimemwambia ajisajili kwanza kwenye bodi yetu ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, PSPTB, kisha akamilishe akaunti yake. Jana usiku alinitumia picha ya skrini: kila kitu kimejazwa isipokuwa mdhamini wa tatu. Nimemwambia amfuate mwalimu aliyemsimamia mradi wake chuoni, asingoje Jumatatu.