Safu ya diski imegoma kupachikwa: dhana potofu na ukweli wake

Seva imewashwa upya, na safu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri jana haionekani tena. Ukiita `mount`, amri ya kupachika, unajibiwa kwamba aina ya mfumo wa faili si sahihi, au chaguo fulani ni baya, au supabloku (sehemu inayoeleza mfumo wa faili wenyewe) ina hitilafu, au pengine ni kosa jingine. Jibu la namna hiyo halisaidii kitu, ndiyo maana watu huanza kubahatisha. Kwa ninavyoona, safu nyingi zinazogoma hivi huwa bado zina data yote siku zinapogoma. Zinazoangamia, huangamizwa na amri zilizofuata.

Nazungumzia RAID ya programu kwenye Linux, yaani diski kadhaa zilizounganishwa kuwa safu moja, ile inayoendeshwa na kerneli (kiini cha Linux) yenyewe na kusimamiwa kwa `mdadm`, programu ambayo Neil Brown aliitoa mwaka 2001. Ushauri juu yake umejaa kila mahali, mwingi ukiwa wa nusu nusu: amri imenakiliwa, sharti lake limeachwa.

"Mount imekataa, basi data imeharibika"

Kati ya diski na faili zako kuna matabaka. Diski yenyewe, patisheni, safu ya md (RAID yenyewe), kisha pengine usimbaji wa LUKS, kisha LVM (inayogawa nafasi katika sehemu za kimantiki), na juu kabisa mfumo wa faili. `mount` hushughulika na hilo la juu tu. Lolote la chini likikosekana, malalamiko yake ni yaleyale.

Kwa hiyo la kwanza ni kujua mambo yamekwama tabaka gani, na `lsblk -f` hukuonyesha hilo bila kuandika hata baiti moja kwenye diski. Ukiona `linux_raid_member` kwenye kile unachotaka kupachika, umeishika diski mwanachama badala ya safu. Ukiona `LVM2_member` juu ya `/dev/md0`, safu imeshapanda salama na kilichobaki ni `vgchange -ay`. `crypto_LUKS` inangoja nywila tu. Safu nyingine zina patisheni ndani yake, na cha kupachika ni `/dev/md0p1`, si `/dev/md0`. Na XFS, aina mojawapo ya mfumo wa faili, ikikataa kwa madai kwamba UUID yake (namba yake ya utambulisho) tayari inatumika, angalia kama kuna nakala ya diski hiyohiyo imechomekwa pembeni.

Matatizo yote hayo matano hayana uhusiano wowote na kuharibika kwa data.

"Jina limekuwa md127, safu imevurugika"

Haijavurugika. Wakati mashine inawaka, mfumo mdogo wa kuanzia haukuikuta safu hiyo kwenye orodha yake, au uliona jina la mashine lililoandikwa ndani ya metadata (maelezo ya safu yanayokaa kwenye kila diski) si lake, ukaipa namba ya muda kuanzia 127 kurudi chini. Ongeza matokeo ya `mdadm --detail --scan` kwenye `/etc/mdadm/mdadm.conf`, kisha `update-initramfs -u` kwa jamii ya Debian. Jamii ya Red Hat faili ni `/etc/mdadm.conf` na amri ni `dracut -f`. Kwenye `/etc/fstab` tumia UUID ya mfumo wa faili, wala usitaje `/dev/md0`. Kama safu si ya mfumo wenyewe, weka na `nofail`, la sivyo systemd, inayowasha huduma za mfumo, itaingoja kwa sekunde 90 kisha ikutupe kwenye hali ya dharura.

Vivyo hivyo kwa wanaohangaika kurudisha kebo kila moja kwenye tundu lake la awali. Nafasi ya kila diski imeandikwa ndani ya diski yenyewe. `sdb` ikigeuka `sde`, mdadm haijali.

"Diski zote zimegeuka spea"

Hii hutokana na kusoma `/proc/mdstat` kwa haraka:

```
md127 : inactive sdd1[3](S) sdb1[1](S) sdc1[2](S)
      5860147464 blocks super 1.2
```

Ile (S) kweli ni alama ya spea, yaani diski ya akiba isiyotumika, lakini safu ikiwa `inactive` kila mwanachama huonyeshwa hivyo, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi bado. Neno la kuangalia ni `inactive`, na namba iliyo kwenye mabano ya mraba: hapa 1, 2 na 3 wapo, 0 hayupo. Safu ya diski nne imewaka na diski tatu, mashine ikasita kuianzisha. Isimamishe kwa `mdadm --stop /dev/md127`, kisha `mdadm --assemble --run /dev/md0` ukizitaja diski hizo tatu. Kama ni RAID 5, inaweza kukimbia ikiwa imepungukiwa diski moja. Anayesoma (S) kama spea huanza kuziondoa diski na kuziongeza tena, na `--add` kwa diski iliyokuwa na data ni mwaliko wa kuiandika upya yote.

"Iunde upya kwa `--create`, itazitambua diski zake"

Ushauri huu ndio ulioua safu nyingi kuliko kitu kingine ninachokijua, nao una ukweli kidogo ndani yake, jambo linaloufanya uwe mbaya zaidi.

`--create` haitambui chochote. Inaandika metadata mpya juu ya ile ya zamani, na ile ya zamani ndiyo pekee iliyokuwa inajua mpangilio wa diski, ukubwa wa kipande, mtindo wa kutawanya pariti (data ya ziada ya kurejeshea diski iliyopotea), na data inaanzia sekta gani. Diski nne zinaweza kupangwa kwa namna 24. Ukubwa wa kipande ulikuwa 64K kwa matoleo ya zamani ya mdadm, na tangu toleo la 3.1 ukawa 512K. Mahali data inapoanzia nako kumehama: safu nyingi za zamani zinaanzia sekta ya 2048, za karibuni zenye diski kubwa zinaanzia 262144 au 264192. Safu iliyoundwa miaka kumi iliyopita, ikiundwa upya leo kwa mdadm ya leo bila kutaja lolote, itakosea hata kama mpangilio wa diski ni sahihi.

Halafu kuna hili: mdadm ikiunda RAID 5 kwa kawaida yake, huichukulia diski ya mwisho kama tupu na kuanza kuijenga papo hapo. Mpangilio ukiwa umekosewa, diski hiyo inajazwa takataka wakati wewe bado unasoma kilichoandikwa kwenye skrini. Programu yenyewe hukuonya kwamba diski zinaonekana kuwa za safu nyingine, ikauliza `Continue creating array?` Watu hujibu `y`.

Ukweli ule mdogo ni huu. Zipo hali ambapo metadata imefutika kweli, na `--create` ndiyo njia iliyobaki. Mfano ninaouona mara kwa mara ni wa safu iliyotengenezwa kwa diski nzima bila patisheni. Metadata ya toleo la 1.2 hukaa kilobaiti 4 kutoka mwanzo wa diski. Jedwali la patisheni la GPT nalo hujaza sekta 34 za mwanzo, yaani karibu kilobaiti 17, likimaliza kila kitu katikati yake. Ikitokea programu au mfumo mwingine umeiona diski "haina kitu" ukajitolea kuiandaa, metadata inafutika kwa sekunde moja. Data iko mbali zaidi ndani na haijaguswa.

Hapo unatumia `--create` pamoja na `--assume-clean`, ukitaja kila kipimo, `--data-offset` ikiwemo, lakini si juu ya diski halisi. Unatandika juu ya kila diski tabaka la muda linalopokea maandishi yote:

```
truncate -s 4G /tmp/b.cow
losetup /dev/loop0 /tmp/b.cow
echo "0 $(blockdev --getsz /dev/sdb) snapshot /dev/sdb /dev/loop0 P 8" | dmsetup create sdb_juu
```

Rudia kwa kila diski, kisha jaribu mpangilio wowote juu ya `/dev/mapper/sdb_juu` na wenzake. Ukikosea, unalifuta tabaka na kuanza tena, diski za chini zikiwa kama zilivyokuwa.

Na usikubali haraka kwamba umepatia. Mwanzo wa mfumo wa faili uko kwenye kipande cha kwanza cha diski ya kwanza, kwa hiyo diski ya kwanza ikiwa sahihi, hata kama nyingine zimepishana, `mount` inaweza kukubali na ukaona majina kadhaa ya folda. Faili ndogo zinazoenea ndani ya kipande kimoja zitafunguka pia. Fungua faili kubwa, video au kumbukumbu iliyobanwa ya megabaiti mia kadhaa, uipime mpaka mwisho wake.

"`--force` ni ya kukata tamaa"

Watu hao hao wasioogopa `--create` huiogopa `--force`, kumbe hatari iko upande wa pili. `mdadm --assemble --force` haiundi mpangilio wowote mpya. Inachofanya ni kuisamehe diski iliyobaki nyuma kidogo na kuiingiza kundini.

Kila mwanachama anabeba namba inayoitwa Events, inayopanda kila metadata ya safu inapobadilishwa. Isome kwanza:

```
mdadm --examine /dev/sd[bcde]1 | grep -E '^/dev|Update Time|Events'
```

Tuseme ni RAID 5 ya diski nne na umepata 48213 kwa `sdb1`, 48213 kwa `sdc1`, 48209 kwa `sdd1`, na 31077 kwa `sde1`. Ukijaribu kuunganisha kawaida unaambiwa `assembled from 2 drives - not enough to start the array`, na hapo ndipo mtu huona giza: diski mbili zimekufa siku moja. Namba zinasema vingine. `sde1` ilitoka zamani, na `Update Time` yake itakupa tarehe. Kuanzia hapo safu ilikuwa ikikimbia bila akiba na hakuna aliyejua. `sdd1` ndiyo iliyotoka jana, ikiwa nyuma kwa hatua nne tu.

Basi unazichukua `sdb1`, `sdc1` na `sdd1` kwa `--force`, ukiiacha `sde1` nje kabisa. mdadm itakuarifu kwamba inaipandisha namba ya `sdd1` kutoka 48209 hadi 48213, na safu itaanza. Huenda faili moja mbili zilizokuwa zinaandikwa dakika ile zina kasoro. `--force` ingekuwa janga kama ungeilazimisha `sde1` kuchukua nafasi ya `sdd1`, maana ungechanganya data ya jana na ya miezi iliyopita. Hifadhi matokeo kamili ya `--examine` kwenye mashine nyingine kabla ya hatua yoyote. Ni maandishi machache tu, na yana kila kitu ambacho `--create` ingekifuta.

"Endesha fsck kwanza, halafu tuone"

fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, haijui kama chini yake kuna safu. Ikipewa safu iliyounganishwa vibaya, huona mfumo wa faili uliovurugika na kuanza kuunyoosha, ikiandika kwenye diski zote kwa pamoja. Ni sawa na kumkabidhi mhariri kitabu ambacho kurasa zake zimechanganywa, naye akaanza kusahihisha sentensi.

Tumia `fsck -n` mpaka uwe na uhakika na safu yenyewe. Na hapa kuna mtego mwingine: kupachika kwa `-o ro` pekee bado huandika, kwa sababu ext4 hurudia jenali yake (kumbukumbu ya maandishi yasiyokamilika) kwanza. Ongeza `noload`, kwa XFS ni `norecovery`. `xfs_repair -L`, inayotupa jenali nzima, iwe ya mwisho kabisa.

"Diski iliyofukuzwa na safu imekufa"

Si lazima. Diski za kompyuta za kawaida zikikuta sekta ngumu kusomeka huweza kung'ang'ana nayo kwa zaidi ya dakika mbili. Kerneli inangoja sekunde 30, kisha inaikatiza na kuiwasha upya mawasiliano yake. md hujaribu kuiandika upya sekta ile kwa data kutoka diski nyingine, lakini diski bado haijibu, uandishi unashindikana, na diski nzima inafukuzwa. Ndivyo RAID 5 inavyokufa katikati ya kujengwa upya, kwa sababu ya sekta chache.

Dawa ni kuiambia diski ikate tamaa mapema: `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdb`, yaani sekunde saba. Diski isiyokubali, ongezea kerneli subira kwa kuandika 180 kwenye `/sys/block/sdb/device/timeout`. Mipangilio yote miwili hupotea mashine ikizimwa, kwa hiyo iweke kwenye hati inayoendeshwa kila inapowaka.

Kisha soma `smartctl -A`, ripoti ya afya ya diski, na usiridhike na neno PASSED la ukaguzi wa jumla. `UDMA_CRC_Error_Count` ikipanda, mtuhumiwa ni kebo. `Current_Pending_Sector` ikiwa zaidi ya sifuri, diski ina sekta zisizosomeka. Inakili kwanza kwa `ddrescue` kwenda diski nyingine isiyo na kasoro, na uunganishe safu kwa kutumia nakala.

Tukirudi kwa `sdd1` na wenzake: kabla ya kuongeza diski mpya, nakili vilivyo muhimu vitoke nje ya safu. Kujenga upya husoma kila sekta ya diski zilizobaki, hata zile ambazo hazijaguswa kwa miaka, na hapo ndipo udhaifu uliojificha hujitokeza.

Kuhusu `sde1` iliyotoka miezi mingi bila mtu kujua: weka `MAILADDR` (anwani ya barua pepe ya kupokea onyo) kwenye faili la mipangilio la mdadm, kisha endesha `mdadm --monitor --scan --oneshot --test`. Barua isipofika, shughulikia mfumo wa barua wa seva hiyo leo, wakati alama kwenye `/proc/mdstat` bado ni `[UUUU]`, yaani diski zote nne zipo.