Je, wajua kwa nini miaka ya kwanza ya mtoto humfuata hadi utu uzima?

Ukipita Langoni, mjini Lamu, si ajabu kumkuta nyanya barazani amempakata mjukuu wa miezi mitano. Mtoto aguna, nyanya amjibu: "Ati nini, baba? Wamuona punda?" Kisha anyamaza, amngoje aseme tena. Wapitao hudhani wanacheza tu. Kumbe hapo ubongo unajengwa.

Mtoto huzaliwa na karibu seli zote za neva atakazokuwa nazo, lakini ubongo wake ni kama robo tu ya ubongo wa mtu mzima. Afikapo miaka mitano, umefikia takriban asilimia 90. Kinachoongezeka zaidi ni miunganisho baina ya seli hizo, na katika miaka ya mwanzo huundwa zaidi ya milioni 1 kila sekunde. Baadaye ubongo hupogoa: miunganisho inayotumika huimarika, isiyotumika huondolewa.

Lugha yaonyesha jambo hili waziwazi. Mtoto mchanga, popote alipozaliwa, hutambua tofauti za sauti za lugha nyingi mno. Kati ya miezi 6 na 12 ubongo wake huanza kushikilia zile anazozisikia nyumbani. Ndiyo maana mtoto wa Lamu hukua akisikia kwamba kaa la moto na kaa wa baharini si sauti moja, kwani huyu wa baharini hutamkwa kwa pumzi. Aliyejifunza Kiswahili ukubwani mara nyingi haisikii tofauti hiyo, hata umrudilie vipi.

Je, mazungumzo hayo ya barazani yana uzito gani miaka ishirini baadaye? Huko Kingston, Jamaica, katikati ya miaka ya 1980, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor walichagua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa na wahudumu wa afya wa jamii kila wiki kwa miaka miwili. Wahudumu hao waliwaonyesha akina mama namna ya kucheza na kuzungumza na watoto wao, wakitumia hata vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao wasiotembelewa kwa asilimia 25. Mimi kila nikiutafakari utafiti huu huona matumaini makubwa, maana hakuna nyumba ya Lamu au Malindi isiyoweza kufanya hivyo.

Lakini maneno hayatoshi penye njaa. Ubongo wa mtoto wa miaka mitano hutumia zaidi ya asilimia 40 ya nguvu zote za mwili wake. Siku 1,000 za mwanzo, yaani mimba pamoja na miaka miwili ya kwanza, ndizo nyeti zaidi: hapo mama na mtoto wahitaji madini ya chuma na madini joto, yaani iodini. Kwa hiyo nasema wazi: chai na mahamri si chakula cha mtoto wa mwaka mmoja. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Samaki aliyetolewa miiba, kunde zilizopondwa au yai vitamfaa zaidi.

Vilevile hofu ya kila siku, matusi na vipigo, huuweka mwili wa mtoto katika hali ya hatari muda mrefu, na huathiri kumbukumbu na utulivu wake. Mtu mzima mmoja anayemtuliza kila mara hupunguza madhara hayo sana.

Tunahangaikia sare na karo za PP1, yaani darasa la kwanza la chekechea, mtoto akiwa na miaka minne, ilhali kazi kubwa imeshaanza zamani. Si kwamba mlango umefungwa, kwani ubongo huendelea kujifunza, ila kurekebisha huwa kugumu zaidi. Basi mchunguze mapema: mtoto wa miezi sita asiyegeukia sauti apelekwe kliniki akapimwe masikio. Asiyesikia hakosi sauti tu, hukosa pia mazungumzo yale yanayomjenga, na akigunduliwa mapema anaweza kusaidiwa kwa kifaa cha kusikia au lugha ya ishara.