"Must" peke yake haijakwambia kitu

Weka sentensi hizi mbili sambamba: "Achieng must be in the office" na "Achieng must be in the office by eight". Ya kwanza, ikisemwa na mtu anayetazama gari la Achieng limeegeshwa nje, ni hesabu ya kichwani tu: gari lipo, taa ya ofisi inawaka, basi lazima yuko ndani. Ya pili ni amri. Kufikia saa mbili asubuhi awe ameshafika, la sivyo atajieleza kwa bosi. Kitenzi ni kilekile, must, hakijabadilika hata herufi moja. Kilichoongezeka ni maneno mawili mwishoni.

Kazi yangu ni kuhariri na kutafsiri mikataba, na jioni nafundisha Kiingereza cha ofisini hapa Nairobi. Kote kuwili nakutana na mazoea yaleyale. Watu husoma can, may, must, shall na would kana kwamba kila kimoja kilizaliwa na maana yake, ile orodha tuliyokaririshwa shuleni: must ni lazima, may ni huenda, can ni kuweza. Kikija kirai kihusishi, yaani vile vifungu vinavyoanza na in, by, until, within au without, wanakiruka kama pambo. Mimi husoma kinyume. Naanza na kirai, ndipo narudi kwa kitenzi kisaidizi kuuliza kinataka nini.

Tunateleza hapo kwa sababu Kiswahili kimetuzoesha vingine. Sisi tofauti kati ya amri na dhana tunaibebesha kitenzi chenyewe. "Lazima awe ofisini" ni amri; "lazima yuko ofisini" ni dhana. Hata mtoto hazichanganyi, ingawa hajawahi kufundishwa kanuni yake. Kiingereza hakina awe na yuko. Kina "must be", basi, na msikilizaji aachwe atafute dalili kwingine. Kirai cha mahali kikifuata be, kwa mfano "at home", "in traffic" au "on the way", huivuta sentensi upande wa dhana. Kirai cha muda wa mwisho huivuta upande wa wajibu.

Nimesema huivuta, sikusema huilazimisha. Ona "Achieng must be in the office by now". By ipo, muda umetajwa, lakini hakuna amri hapo. Ni dhana tena: kwa jinsi alivyotoka nyumbani mapema, saa hizi atakuwa amefika. Muda ulio mbele bado unaweza kuamriwa. Muda huu tulio nao umeshatufikia, kinachobaki ni kukisia. Ndiyo maana "by eight" ikisemwa saa moja ni agizo, na "by now" ni makisio wakati wowote utakaosemwa. Hii ndiyo sarufi ninayoipenda, ile ambayo haiwezi kuandikwa kwenye chati ya ukutani.

Ukikanusha, mambo yanageuka. Dhana ya kukanusha kwa kawaida haitumii must, inatumia can: "He can't be at home" ni kusema haiwezekani awe yuko nyumbani, maana nimemwona sasa hivi pale Kencom. "He mustn't be at home" katika Kiingereza tulichofundishwa sisi ni katazo. Ongeza "by six" kwenye ile ya can't, upate "He can't be at home by six", na uwezo wa kawaida unarudi: kwa foleni ya Thika Road, hawezi kuwahi.

Tuje kwa by na until, kwa sababu hapa ndipo barua pepe za mjini huumia zaidi. Hadi na mpaka hutufanyia kazi nyingi, kwa hiyo mtu anaandika "You must submit the documents until Friday". Mzungumzaji wa Kiingereza akisoma hivyo anaona mtu anayewasilisha stakabadhi Jumatatu, Jumanne, Jumatano, bila kupumzika, mpaka Ijumaa. Until hutaka kitendo kinachoendelea, kama stay, wait au keep. By hutaka tukio linalotokea mara moja na kwisha. Hadi hapo kila mwalimu atakwambia hivyohivyo.

Wengi hawafiki kwenye hatua ya pili. Mbona "You can submit the documents until Friday" haina kasoro? Kuwasilisha bado ni tukio la mara moja, na until ipo palepale. Jibu ni kwamba until hapa haikushika submit, imeshika can. Kinachodumu mpaka Ijumaa ni ruhusa. Dirisha liko wazi siku zote hizo, wewe chagua siku yako. Must haina dirisha la namna hiyo, ina tarehe. Kwa hiyo tangazo la kodi kwenye ngazi za ploti linaweza kuandikwa kwa njia mbili zilizo sahihi: "You can pay until the 5th" au "You must pay by the 5th". Tarehe ni ileile na hela ni zilezile, ila ya kwanza imeandikwa na mwenye nyumba mpole, na ya pili imeandikwa na yule tunayemfahamu.

By ina kazi nyingine inayoweza kukutana na hii katika sentensi moja. "The form must be signed by the manager by Friday" ina by mbili, na hakuna anayechanganyikiwa, maana Ijumaa haiwezi kushika kalamu.

In nayo ni ya kuangaliwa, hasa ukishughulika na mafundi na watu wa bodaboda. "I'll be there in ten minutes" ni baada ya dakika kumi. "I can fix it in an hour" ni muda ambao kazi yenyewe itakula, na fundi hajakuahidi ataanza lini! Will imekupa miadi, can imekupa sifa za mtu. Ukitaka kumbana, muulize kwa will.

Mawakili wanaikwepa in kwa kutumia within, na mifano mizuri ya virai vya muda, within ikiwemo, iko kwenye Katiba yetu ya Kenya ya 2010. Ibara ya 101 inasema uchaguzi mkuu wa wabunge "shall be held on the second Tuesday in August in every fifth year". Shall hapo haina uhusiano na ile shall ya "we shall meet" tuliyoambiwa ni wakati ujao wa I na we. Ni wajibu, na virai vitatu vilivyopangwa nyuma yake ndivyo vinavyoufanya wajibu upimike: Jumanne ya pili, mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Ndiyo maana tulipiga kura tarehe 8 Agosti 2017 na tarehe 9 Agosti 2022. Toa hivyo virai, shall ibaki peke yake, na ungekuwa na ahadi tu.

Ibara ya 140 inafurahisha zaidi. Inasema mtu "may file a petition in the Supreme Court to challenge the election of the President-elect within seven days after the date of the declaration of the results". May si huenda hapa. Ni ruhusa: ukitaka, wasilisha, usipotaka, kaa nyumbani. Lakini kirai cha "within seven days" kina meno. Siku ya saba ikipita, ruhusa imekufa. Kifungu kinachofuata kinaigeukia Mahakama ya Juu kwa shall: "Within fourteen days after the filing of a petition", mahakama hiyo "shall hear and determine the petition". Mlalamishi ana hiari, majaji hawana. Mwaka 2022 matokeo yalitangazwa tarehe 15 Agosti, kesi zikafika mahakamani kufikia tarehe 22, na uamuzi ukasomwa tarehe 5 Septemba. Hesabu mwenyewe.

Kama mhariri nina neno dogo na ile sentensi ya may. "Within seven days" imekaa mbali mno na file. Kati yao kuna mahakama, kuna kupinga, kuna uchaguzi, kuna rais mteule. Akili ya kawaida inakirudisha kirai kwa mwenyewe, lakini katika mkataba wa watu wawili wanaodaiana nisingetegemea akili ya kawaida.

Na mikataba ndiko may inakoumiza watu. Masharti mengi ya mikopo yana sentensi ya aina hii: "The lender may at any time and without notice vary the interest rate". Mkopaji anaona may, anasoma huenda, anajiambia pengine haitatokea. Hapana, ndugu yangu. "At any time" imeondoa mipaka ya muda, "without notice" imeondoa haki yako ya kuambiwa, na may iliyobaki ni mamlaka kamili. Kwa upande mwingine, "The tenant may sublet with the written consent of the landlord" inaonekana ni ukarimu, kumbe mwenye nyumba amekukataza na kuacha mlango wa idhini. Kwa matumizi ya kila siku ni karibu sawa na "shall not sublet without consent". With na without zimebadilishana zamu, na may na shall not zikafuata.

Would nitaipitia haraka kwa sababu Kiswahili kinaielewa. "Without you I would be lost" ni "bila wewe ningepotea". Kirai kimeshika nafasi ya sharti zima, hakuna haja ya if. Ila angalia "On Sundays my father would take us to Uhuru Park". Hakuna sharti hapo wala -nge-. "On Sundays" imeifanya would kuwa mazoea ya zamani: baba alikuwa akitupeleka.

La mwisho ni mahali pa kuweka kirai, hasa pesa zikihusika. "She said on Monday she would pay" inaweza kuwa alisema Jumatatu, au atalipa Jumatatu, na nimeona watu wakigombana kwa ujumbe wa namna hiyo. Dawa yake ni that, ambayo shuleni tuliambiwa tunaweza kuiacha. "She said on Monday that she would pay": Jumatatu ni ya kusema, na siku ya kulipa haijatajwa. "She said that on Monday she would pay": Jumatatu ni ya kulipa, na Jumanne asubuhi unaweza kumpigia simu.